Mzigo wa mpagazi unapimwa getini, mafunzo yake yanapimwa wapi?

Ukiwa Kikuyu, hapa Dodoma, Kilimanjaro ni mlima wa kwenye kalenda. Sisi tuna vilima vya mawe. Jumamosi asubuhi vijana wa mtaani na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha St John's wanavipanda, wengine kwa mazoezi, wengine kwa picha tu, halafu wanashuka kabla jua la Dodoma halijaanza kazi yake. Hakuna leseni, hakuna ada.

Lakini mambo ya mlima ule wa kwenye kalenda yanaamuliwa mji huu huu. Sheria ya Utalii ya 2008 ilipitishwa na Bunge. Bajeti ya Wizara ya Maliasili na Utalii inasomwa hapa kila mwaka. Kwa hiyo swali hili si la watu wa Moshi peke yao: mpagazi, ambaye mara nyingi ndiye wa kwanza kumfikia mtu aliyezidiwa mlimani, nani ana wajibu wa kumfundisha?

Tuanze na hela, maana hapo ndipo swali linapokuwa gumu kukwepa.

Mgeni kutoka nje anayepanda Kilimanjaro analipa ada ya uhifadhi ya dola 70 kwa siku, bado kodi ya ongezeko la thamani na ada ya kulala. Juu ya hizo kuna ada nyingine ndogo ambayo wengi hawaizungumzii: dola 20 kwa safari, ya uokoaji. Wapandaji wanakadiriwa kuwa karibu 50,000 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Hata ukiwatoa Watanzania na wakazi, unabaki na kiasi kinachokaribia dola milioni 1 kwa mwaka, kinacholipwa kwa jina la uokoaji.

Sasa angalia mwokoaji. Askari wa hifadhi wapo, na wanafanya kazi kubwa. Helikopta pia zipo siku hizi kwa mwenye bima. Lakini mtu akizidiwa usiku juu ya Barafu au Kibo, kwenye mita 4,700 kwenda juu, wanaomshika mkono na kumteremsha ni wale alioondoka nao kambini: mwongozaji na wapagazi. Machela ya gurudumu moja inasukumwa na mikono yao.

Elfu 20

Wenyewe wanajiita wagumu. Getini, Machame au Marangu, mzigo wa mgumu unawekwa kwenye mizani: kilo 20 ndiyo mwisho. Hii ni hatua nzuri, na ilipiganiwa. Kiwango cha malipo kinachotajwa kwa miaka mingi ni Sh 20,000 kwa siku, na shirika la kusaidia wapagazi, KPAP, lililoanza 2003, hufuatilia kampuni zilizojiunga nalo kuona kama zinalipa hivyo kweli.

Ila elfu 20 ya 2014 ilikuwa zaidi ya dola 12. Ya sasa ni kama dola 8. Bei ya mgeni ipo kwa dola, malipo ya mgumu yapo kwa shilingi, na kila shilingi inaposhuka ni yeye anayeachwa nyuma.

Serikali ilitangaza Oktoba 2025 kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kinapanda kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322 kwa mwezi kuanzia Januari 2026. Mgumu anayelipwa elfu 20 anahitaji safari tatu za siku sita ndani ya mwezi mmoja ili avuke hapo. Julai na Agosti inawezekana, kama mwili utakubali. Aprili na Mei, mvua zikiwa zimekaba na mlima mtupu, haiwezekani. Ndiyo maana anategemea tipu, na tipu si mshahara. Ni hisani ya mtu mwingine, ambayo nayo hupitia mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kumfikia.

Nimeingiza hesabu hizi kwa sababu moja. Mtu wa namna hii hawezi kujilipia kozi. Ukimwambia "nenda kasome huduma ya kwanza ya milimani", umemwambia aache kazi na alipe ada kwa wakati mmoja.

Tunafundisha nini hasa?

Tusiseme hakuna kitu. Chuo cha Mweka, kwenye miteremko ya mlima wenyewe, kipo tangu 1963 na kimefundisha wahifadhi wa Afrika nzima. Waongozaji wana mafunzo na leseni. KPAP na baadhi ya kampuni hutoa madarasa kwa wapagazi. Lakini ni vipande vipande. Mpagazi anayebahatika kampuni nzuri anafundishwa. Anayeokotwa getini asubuhi kwa sababu mwenzake hakutokea, hafundishwi. Wote wawili wanapanda mlima ule ule.

Na mlima haujali nani kabahatika. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Maji yanaweza kuingia kwenye mapafu, ubongo unaweza kuvimba. Dalili za mwanzo zinafanana na uchovu wa kawaida: kichwa kinauma, mtu hataki kula, anayumba kidogo, anaanza kujibu hovyo. Tiba ya kwanza ni kumshusha, sasa hivi, si asubuhi. Anayejua kutofautisha uchovu na ugonjwa anaokoa mtu. Asiyejua atamwambia "pole pole, tunakaribia".

Na mgumu mwenyewe anaugua pia. Kuzaliwa Moshi si chanjo, na Moshi mjini haifiki hata mita 1,000. Anayetoka tambarare na sweta la mtumba na viatu vya kuazima yuko hatarini kuliko mgeni wake mwenye koti la laki kadhaa. Sema yeye hawezi kusema anaumwa kirahisi. Akirudishwa chini njiani, anawaza kama siku zilizobaki atalipwa.

Kuna mfano mwingine ambao watu wa Kilimanjaro hawajausahau. Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani kwa zaidi ya wiki. TANAPA ilisema taarifa za awali zilionyesha ulianzia kwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mamia ya watu waliojitolea, wakiwemo wanafunzi, walipanda kuuzima. Ukisoma habari hiyo haraka utasema wapagazi ni tatizo. Mimi naona kitu kingine: mtu amepewa jiko, amepewa nyasi kavu na upepo, na huenda hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamweleza moto wa huko juu unavyokwenda.

Upande wa pili wa mlima, Kenya, pale Loitokitok, kuna shule ya Outward Bound tangu 1952. Ilianzishwa na wakoloni na kwa malengo ya enzi hizo, sawa, lakini wazo lake lilikuwa kwamba mlima ni darasa. Vijana wanapelekwa kujifunza kujitegemea, kusaidiana, kuvumilia, si kubeba mizigo. Kenya pia ilikuwa na tawi la NOLS, shule ya Marekani ya maisha ya porini, na humo ndimo James Kagambi, aliyekuwa mwalimu wa shule, aligeuka kuwa mkufunzi wa milima. Mei 2022, akiwa na miaka 62, akawa Mkenya wa kwanza kusimama juu ya Everest.

Sisi tulimtangulia kwa miaka 10: Wilfred Moshi alifika huko 2012, na alianzia kwenye kubeba mizigo Kilimanjaro. Mwaka 2021 akafuata Rawan Dakik, binti wa miaka 20. Simon Mtuy alipanda na kushuka Kilimanjaro peke yake, bila msaada, chini ya saa 10, mwaka 2006. Vipaji tunavyo. Ila ukiwaangalia wote watatu, hakuna mfumo uliowatoa. Walijitoa wenyewe, kwa kazi, kwa familia au kwa wafadhili.

Nepal walichelewa nao. Kijiji cha Phortse, karibu na Everest, kilipata kituo cha mafunzo 2003, na kinachonivutia ni ratiba yake: kozi ni za majira ya baridi, wakati watalii wachache na Masherpa wako nyumbani. Baada ya maporomoko ya theluji ya Aprili 2014 yaliyoua wafanyakazi 16 wa Everest, bima ya maisha ya lazima ikapandishwa kutoka rupia milioni 1 hadi milioni 1.5. Hiyo ilikuwa bado ndogo, na wao walisema hivyo. Lakini iliwekwa kwenye kanuni.

Kalenda hiyo ya Phortse tunaweza kuiiga kesho. Aprili na Mei wagumu wengi hawana kazi. Mweka ipo pale pale. Ada ya uokoaji inalipwa tayari, hakuna haja ya kodi mpya. Kozi ya wiki mbili, yenye posho ya siku, inayomfundisha mtu dalili za ugonjwa wa mwinuko, kutumia kipima oksijeni cha kidoleni, kufunga machela, kuzuia moto, halafu anapewa kadi. Getini, pale kwenye mizani, askari anaangalia kilo na anaangalia kadi.

Waendeshaji wa safari watalalamika kuhusu gharama, na wana hoja. Mwenye kampuni anayefuata kanuni anashindana na yule anayeuza safari kwa bei ya kutupa, na bei ya kutupa hulipwa na mgongo wa mtu. Ndiyo maana kadi isiachwe kuwa hiari ya kampuni. Ikiwa kwa wote, hakuna anayepoteza soko kwa kuwa muungwana.

Mwaka 2019 lilipokuja wazo la magari ya kamba Kilimanjaro, wapagazi walipinga kwa sauti, na nchi nzima ikazungumza ajira zao. Agosti 2022 intaneti ya kasi ikafika Horombo, mita 3,720, na nchi nzima ikashangilia. Yaani mgeni anaweza kurusha video akiwa juu ya mawingu, wakati anayembebea hema hana uhakika wa cheti cha huduma ya kwanza. Kiukweli hapo tumeruka hatua.

Kuna kikwazo kingine, cha kimuundo. Kupanda mlima kwetu ni utalii, si mchezo. Wizara inayoshughulikia michezo ina mpira, riadha, ngumi. Mlima uko kwa wizara nyingine, kama bidhaa. Ujuzi wa mlima unadondoka katikati. Na haufai kwa wageni peke yao. Desemba 3, 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, vikaua zaidi ya watu 80. Hanang si ya wageni wengi. Ni ya wakulima na wafugaji wa kanda hii yetu, na vijana wanaojua miteremko, machela na huduma ya kwanza wangehitajika pale asubuhi ile kuliko popote.

Mwandishi huyu, niseme ukweli, hajawahi kufika hata kibanda cha Mandara. Kwa nauli ya Dodoma hadi Moshi na gharama zinazofuata, wengi wa Kikuyu hawatafika pia. Lakini mbunge tunaye, na kikao cha bajeti kinafanyika umbali wa bodaboda kutoka hapa. Swali la nyongeza linatosha: ada ya uokoaji ya Kilimanjaro ilikusanya kiasi gani mwaka uliopita, na ni wapagazi wangapi waliofundishwa kwa hela hiyo?