Mgeni Asiyepiga Hodi

Mtu wa Kayanga au Nkwenda anunuaye vyombo vya kusambaza waifai nyumbani hudhani ni mali yake. Sivyo. Usiku kiwanda huamuru kutoka ng'ambo, na vyombo hujibadilishia programu: kifurushi alichokilipia chaliwa, na umeme ukikatika katikati, chombo chaweza kufa.

Wako wasemao kwamba huo ni ulinzi, wakitaja Mirai, iliyoteka vifaa vingi mwaka 2016. Lakini Mirai iliingia kwa nywila zilizowekwa na viwanda vyenyewe!

Dawa hatuikatai, twakataa kunyweshwa usingizini. Kiwanda na kitaje ukubwa wa mzigo, kingoje saa aichaguayo mwenye nyumba. Asiyeweza kumzuia mgeni mlangoni pake si mwenye nyumba, ni mpangaji.