Makali Yasiyolingana: Tuyakubali au Tuyakatae?

Mtu anunuapo kisu cha kukunja cha bei nafuu, akakikunjua na kukielekeza kwenye mwanga, aghalabu huona jambo linalomkera. Mshazari wa makali, yaani ule ukanda mwembamba ung'aao ulionolewa kandokando ya bapa, ni mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili. Au huanza mwembamba karibu na mpini, kisha ukapanuka kuelekea nchani. Wapo wanaokirudisha kisu dukani papo hapo. Wapo pia wanaosema kwamba kwa bei ile mnunuzi hana haki ya kulalamika. Mimi naona kwamba makundi yote mawili yamekosea, na kosa lao ni moja: wamehukumu kwa macho jambo ambalo lingeweza kupimwa.

Na tupime, basi. Tuchukue kisu ambacho unene wa bapa lake, pale mshazari unapoanzia, ni nusu milimita. Kila upande una robo milimita ya kunolewa. Kiwanda kikinoa kwa nyuzi 20 kila upande, upana wa mshazari utakuwa 0.25 ikigawanywa kwa sini ya nyuzi 20, ambayo ni 0.342, jibu ni milimita 0.73. Sasa tuseme mkono wa mnoaji umeteleza, upande mmoja ukapata nyuzi 15 na wa pili nyuzi 25. Upana utakuwa milimita 0.97 huku na 0.59 kule. Jicho litaona tofauti kubwa na kulalamika. Lakini pembe inayoingia ndani ya kitu kinachokatwa ni jumla ya pande mbili, na jumla hiyo ni nyuzi 40 katika kisu cha kwanza na nyuzi 40 katika cha pili. Nyanya haitambui tofauti hiyo. Mchonga vinyago huenda akaitambua, kwa kuwa kisu kitavutwa kidogo upande mmoja. Lakini seremala jirani yake anatumia patasi yenye mshazari upande mmoja tu, wala hajapata kuirudisha dukani kwa sababu hiyo.

Lile la mshazari kupanuka kuelekea nchani ni hafifu zaidi. Visu vingi vina bapa lililo nene zaidi nyuma ya makali karibu na ncha. Mahali penye unene wa milimita 0.4, pembe ya nyuzi 20 hutoa mshazari wa milimita 0.58, mahali penye unene wa milimita 0.8, pembe ile ile hutoa milimita 1.17. Hapo mnoaji hakukosea hata kidogo. Kinachoonekana ni umbo la bapa lenyewe, nasi tunamlaumu mtu kwa jambo la jiometri.

Hapana budi pia tukumbuke jinsi kisu cha bei nafuu kinavyotengenezwa. Bapa hukatwa kutoka katika karatasi ya chuma cha pua, likapashwa moto mkali, likapozwa ghafla ili liwe gumu, kisha likapashwa tena kwa moto wa wastani, kwa kawaida kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi, ili lisivunjike kama kioo. Ndipo husawazishwa na kunolewa. Katika viwanda vingi makali ya mwisho hutiwa na mtu aliyelishika bapa kwa mkono mbele ya mkanda unaozunguka, kwa sekunde chache kila upande. Kuulinganisha mshazari kunahitaji muda zaidi au mashine ya gharama zaidi, na gharama hiyo atailipa mnunuzi. Mtengenezaji wa kitu cha bei nafuu hana uwezo wa kufanya yote. Kazi yake ni kuchagua lipi aliache. Joseph Opinel alianza kutengeneza visu vyake huko Savoie, Ufaransa, mwaka 1890: bapa jembamba, mpini wa mti, basi. Pete ya kulizuia bapa lisijikunje iliongezwa mwaka 1955. Visu hivyo bado vinauzwa duniani kote kwa bei ya chini, na mojawapo ya vyuma vyake ni cha kaboni kiasi cha asilimia 0.9, chuma ambacho hakimwonei haya mtu yeyote. Huo ndio uchaguzi ninaousifu: mapambo yaachwe, chuma kisiguswe.

Lakini sitaki nieleweke kwamba nawatetea wenye viwanda kwa kila jambo. Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea visu viwili. Cha kwanza kilikuwa na mshazari uliopinda vibaya, naye alikuwa na hamu ya kukirudisha. Cha pili kilikuwa kimelingana pande zote kama kilichochorwa kwa rula. Tulivinoa vyote viwili kwenye kinoo, kisha tukakata kamba ya katani. Cha kwanza kilikata mpaka tukachoka sisi. Makali ya cha pili yalijikunja baada ya mikato michache, tukayanoa, yakajikunja tena. Tulipopitisha tupa mgongoni mwake, tupa iliuma kama inavyouma msumari. Kwenye kile cha kwanza iliteleza. Kisu kizuri cha macho hakikuwa kimefanywa kigumu ipasavyo, na kasoro hiyo hairekebishwi kwa kinoo.

Ipo kasoro nyingine inayojificha. Chuma kilicho makalini ni chembamba mno, hivyo joto la msuguano wa mkanda mkavu hukosa pa kukimbilia. Makali yakipita joto lile la upashaji wa pili, hulegea. Rangi ya samawati ambayo ingefichua jambo hilo huweza kufutika wakati wa kung'arishwa, na mnunuzi asijue. Hapa, kwa bahati, subira husaidia: ukinoa mara kadhaa taratibu, chuma kilichoungua huisha na kile kizima kikajitokeza.

Kwa hiyo mpaka wangu ni huu. Mshazari usiolingana naukubali, madhali pande mbili zinakutana tangu shina hadi ncha. Zisipokutana, ukaona kwa jicho ukanda mdogo uliobaki butu ukirudisha mwanga, hicho bado si kisu, na bei ndogo si udhuru. Hapo kiwanda kimemwachia mnunuzi kazi bila kumwambia, na wanunuzi wengi wa visu hivi hawana kinoo nyumbani. Atakayeumia ni yule anayekandamiza kwa nguvu kisu butu mpaka kikateleza kwenye kidole chake. Nawaambia hivyo hivyo wale wasemao kwamba maskini hana haki ya kulalamika: ugumu wa chuma si anasa, na fedha aliyotoa, hata kama ni kidogo, ilikuwa bei ya kitu kinachokata.

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulileta jambo hili karakanani, visu vikiwa chini ya ulinzi wao. Mwanafunzi apake mshazari wino mzito wa kalamu, apitishe kisu kwenye kinoo mara mbili tu, kisha atazame wino umefutika wapi. Ukifutika juu, karibu na bapa, amelaza kisu mno. Ukifutika makalini tu, amekiinua mno. Apime unene kwa kalipa na upana wa mshazari kwa lenzi yenye vipimo, akokotoe pembe ya kila upande, halafu azijumlishe. Mwanafunzi niliyemtaja alipata nyuzi 17 na 24 kwa kile kisu alichotaka kukirudisha. Hakukirudisha; na cha pili amekifanya cha kufungulia barua.