Kilomita 73 za Angani

Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi ule wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka. Cessna Caravan, kile kindege cha injini moja, huzimaliza kwa dakika kama 20. Abiria akibahatika huketishwa mbele, ubavuni mwa rubani, akauona mshale wa kimo ukipanda, ukatulia kidogo, kisha ukaanza kushuka naye hajamaliza kupiga picha bahari. Boti huchukua kama saa mbili. Lakini anayetokea Posta, bandari iko puani mwake. Wa ndege ana foleni ya Barabara ya Nyerere, ukaguzi, mzigo kupimwa (mara nyingi kilo 15, na mizani haina undugu), halafu kukaa kusubiri kuitwa. Mimi bado napanda ndege, ila si kwa ajili ya kuwahi.

* * *

Muda ulioandikwa kwenye tiketi si wa angani peke yake. Huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa iendako, pamoja na kutambaa kwenye lami na kungoja zamu ya kuruka. Ndiyo maana Nairobi hadi Mombasa, kilomita kama 420, huandikwa saa nzima hivi, ilhali angani ni kama dakika 45. Mashirika nayo hutia dakika za akiba. Rubani akitangaza kwa bashasha kwamba mmewahi kufika, huenda ni akiba tu haikuliwa.

* * *

Kenya Airways ilipoanza safari ya moja kwa moja ya Nairobi–New York, tarehe 28 Oktoba 2018, ratiba ilisema kwenda saa 15, kurudi saa 14. Umbali ni uleule, karibu kilomita 11,800. Kinachotofautisha ni upepo: juu kabisa, katika latitudo za kaskazini, huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo anayekwenda Marekani hupambana nao na anayerudi husukumwa. Na usiichore njia hiyo kwa rula kwenye ramani ya ukutani, utaipitisha Afrika Magharibi. Chukua tufe na uzi, uvute ukaze: uzi utakatiza Sahara na kutokea pwani ya Moroko.

* * *

Nairobi hadi Kigali ni saa moja na nusu hivi, lakini saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja. Ukiruka saa 2:00 asubuhi unatua saa 2:30 asubuhi, na anayekupokea anaweza kudhani umetoka mtaa wa pili. Deni hulipwa wakati wa kurudi: ondoka Kigali saa 4:00 asubuhi, Nairobi unaingia saa 6:30 mchana. Mwenye kikao cha saa sita, ndege hiyo si yake.