Mtoto Aliyenyamaza Huenda Hajatulia

"Mshike vizuri, ni dakika moja tu." Mzazi husikia maneno haya na kutii. Baba anabana mikono, mama anakamata miguu, nesi anashika kichwa, jino linatoka. Nimeyasikia mara nyingi, na kila mara hutetewa kwa hoja zilezile. Nazijibu hapa kwa sababu mtoto aliye kwenye kile kiti hawezi kujitetea.

"Akishang'olewa atasahau." Hasahau. Watu wazima wengi wanaoogopa daktari wa meno, ukiwauliza hofu hiyo ilianza lini, watakurudisha utotoni: siku waliyoshikwa kwa nguvu, au walipoambiwa haitauma kisha ikauma. Mtu wa namna hiyo haendi hospitali jino linapoanza kutoboka. Huenda shavu likiwa limevimba na usaha umejaa, wakati ganzi yenyewe haishiki vizuri, na hapo hofu yake inapata ushahidi mpya. Tena aliyejaa hofu huumia zaidi kwa jambo lilelile, maana mwili uliokaza husubiri maumivu kabla hayajafika. Mwaka 1959 Addelston aliandika njia ambayo bado inafundishwa kwa madaktari wa meno ya watoto: mweleze, mwonyeshe, kisha mtendee. Mtoto hupewa kioo akishike, husikia mlio wa mashine kabla haijaingia mdomoni, na huambiwa kwamba akiinua mkono kazi itasimama. Akiinua, isimame kweli. Ukimdanganya mara moja tu, umemharibia hata daktari atakayefuata.

"Dawa ya kutuliza ni nusukaputi, anaweza asiamke." Hapa wazazi wanachanganya vitu vitatu. Cha kwanza ni gesi ya kucheka, ileile ambayo Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford nchini Marekani, aliivuta Desemba 1844 ili ang'olewe jino lake mwenyewe. Huchanganywa na oksijeni na kuvutwa kupitia kifuniko cha puani. Mtoto hasinzii, anasikia na kujibu, na ikifungwa hutoka mwilini ndani ya dakika chache. Lakini mwenye mafua yaliyoziba pua hafaidiki nayo, wala yule anayekikataa kifuniko. Cha pili ni dawa za kunywa kama midazolamu, zinazomlegeza mtoto akawa kama mwenye usingizi. Cha tatu ndicho nusukaputi yenyewe, ambapo mtoto hana fahamu kabisa na mtaalamu wa usingizi yupo naye.

Hofu ya mzazi ina msingi, na sitaki kuipuuza. Njia ya hewa ya mtoto ni nyembamba, oksijeni yake hushuka upesi kuliko ya mtu mzima, na dawa iliyokusudiwa kumlegeza inaweza kumpeleka ndani zaidi ya ilivyopangwa. Ndiyo maana mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali: nani atamwangalia mtoto wakati daktari yuko kwenye jino? Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kipo? Hapa kuna anayeweza kumsaidia mtoto kupumua? Na mzazi mwenyewe asifiche kama mtoto alikula, kwa kuwa chakula kikipanda kutoka tumboni kinaweza kuingia mapafuni. Kliniki isiyoweza kujibu maswali hayo isimpe mtoto dawa hiyo.

"Akitulia, basi hana mkazo." Hili ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu huaminiwa hata na watu waliosoma. Midazolamu hulegeza mwili na kuzuia kumbukumbu mpya zisishike, lakini haiui maumivu. Mtoto aliyelegea bila ganzi ya kutosha anaumia, ila hana nguvu ya kusema. Wengine hugeuka kabisa, wakalia na kurusha miguu zaidi kuliko kabla ya dawa. Watafiti hupima mapigo ya moyo na kotisoli, homoni ya mkazo, kwenye mate, kwa kuwa uso hautoshi kusema kilichomo ndani. Kotisoli nayo ina mtego wake: kwa kawaida huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, hivyo ukimlinganisha mtoto wa saa mbili asubuhi na wa saa tisa alasiri utadanganyika. Kabla ya kusifu dawa kwa kuleta ukimya, tuulize ganzi ilichomwa wapi na kama imeshika.

"Ni meno ya utoto, yatatoka yenyewe." Magego ya utoto hukaa hadi mtoto ana miaka 10 au 12. Jino lililooza akiwa na miaka 5 linaweza kumuuma kwa miaka mingi.

"Upole ni anasa ya nchi tajiri." Njia ya kusafisha uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba jino kwa saruji yenye floraidi, bila umeme wala mashine ya kutoboa, ilianzia Tanzania katikati ya miaka ya 1980, katika mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambao Jo Frencken alishiriki. Mara nyingi haihitaji hata sindano. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka saruji ya aina hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu. Haitaokoa jino lenye jipu; hilo bado litang'olewa, na kwa ganzi. Lakini tundu dogo likiwahiwa, mtoto hasikii mlio wowote wa kumtisha, na baba anaweza kuiachia mikono yake.