Oscar: Kwa nini chema hakijiuzi

KILA mwaka, majina ya filamu na waigizaji watakaowania tuzo za Oscar yanapotangazwa nchini Marekani, kuna kundi la watu ambao huwa hawashtuki sana. Hao ni wachambuzi ambao, tangu Septemba, huwa wamechapisha orodha za wale wanaotarajiwa kuteuliwa, wakizipangua na kuzipanga upya kila wiki. Siku ya matokeo ikiwadia, aghalabu hubainika kwamba wamekosea majina machache tu.

Kwa mtazamaji wa Nairobi, Mombasa au Kisumu, ustadi huo waweza kuonekana kama ramli. La hasha. Anayetabiri uteuzi wa Oscar hatabiri ni filamu ipi iliyo bora. Anachotabiri ni jinsi kundi la watu fulani, wenye mazoea yanayojulikana, litakavyopiga kura katika siku chache lilizotengewa.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa Kenya. Tangu mwaka wa 2012, ilipowasilisha 'Nairobi Half Life', nchi hii imepeleka filamu kadhaa katika kitengo cha filamu za kimataifa na hakuna hata moja iliyoteuliwa. Kila mara matokeo yanapotoka, lawama huelekezwa kwa bahati au kwa ubaguzi. Ni wachache wanaouliza iwapo dalili za kushindwa hazikuwa zimeonekana mapema.

Mawingu kabla ya mvua

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Katika msimu wa Oscar, mawingu huanza kutanda mwishoni mwa Agosti katika tamasha za filamu za Venice na Telluride, kisha Toronto mnamo Septemba. Kuanzia Desemba hufuatia tuzo za wahakiki, za Golden Globe, za vyama vya wafanyakazi wa filamu na zile za Uingereza, BAFTA.

Safari ya Lupita Nyong'o ni mfano ambao Wakenya wengi wanaukumbuka. Filamu '12 Years a Slave' ilionyeshwa Telluride mwishoni mwa Agosti 2013, na wiki chache baadaye ikanyakua tuzo ya watazamaji huko Toronto. Oktoba ilikuwa katika majumba ya sinema Marekani. Kufikia katikati ya Desemba, Lupita alikuwa ameteuliwa na chama cha waigizaji na pia katika Golden Globe. Jina lake liliposomwa Januari 16, 2014 miongoni mwa wateuliwa wa Oscar, ni wasiofuatilia msimu huo pekee walioshangaa.

Kilichofuata kilikuwa na funzo zaidi. Katika Golden Globe, tuzo iliyokuwa ikitolewa na wanahabari, Lupita alishindwa na Jennifer Lawrence. Siku chache baadaye, chama cha waigizaji kilimpa Lupita ushindi. Wachambuzi waliojua kwamba wanahabari hawana kura Oscar, ilhali waigizaji wanayo, hawakubabaika. Machi 2, 2014, Lupita akawa Mkenya wa kwanza kushinda tuzo hiyo, kama mwigizaji msaidizi bora wa kike.

Hivyo basi, si kila wingu huleta mvua. Tuzo ya wahakiki huonyesha filamu iliyosifiwa. Tuzo ya chama cha waigizaji, chama cha waongozaji au cha watayarishaji huonyesha fikira za watu ambao baadhi yao ndio watakaopiga kura zenyewe.

Hesabu ya mchujo

Ili kuelewa ni kwa nini utabiri hufaulu, na kwa nini wakati mwingine huanguka, sharti kuelewa hesabu ya kura. Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu, iliyoasisiwa mwaka wa 1927, ina wanachama zaidi ya 10,000 waliogawanywa katika matawi kulingana na kazi zao. Katika hatua ya uteuzi, waigizaji huwateua waigizaji na waongozaji huwateua waongozaji. Filamu bora ya mwaka huteuliwa na wanachama wa matawi yote.

Mwigizaji anapopiga kura huorodhesha majina yasiyozidi matano kwa kufuata upendeleo wake. Tuseme kura 1,200 zimepigwa katika kitengo chenye nafasi tano. Idadi hiyo hugawanywa kwa sita kisha huongezwa moja, na kila anayefikisha kura 201 amepita, kwa kuwa haiwezekani watu sita wafikie idadi hiyo kwa pamoja. Anayeburura mkia huondolewa, na kura zake kupewa anayefuata katika kila karatasi.

Mkenya aliyezoea hesabu ya asilimia 50 na kura moja katika uchaguzi wa urais hana budi kubadili fikira hapa. Mteuliwa wa Oscar hahitaji kupendwa na wengi. Anahitaji takriban mmoja kati ya kila wapiga kura sita, mradi wamweke mwanzoni mwa orodha. Katika kitengo cha filamu bora, chenye nafasi 10, kiwango hicho hushuka hadi asilimia tisa hivi.

Kwa lugha ya siasa za humu nchini, mwaniaji aliye na ngome ndogo inayomshabikia kwa dhati huweza kumshinda yule anayekubalika kila mahali lakini kama chaguo la nne. Mchambuzi stadi basi haulizi tu ni nani anayesifiwa. Huuliza pia ni nani atakayeandikwa wa kwanza, na ni akina nani watakaomwandika.

Utabiri unapoanguka

Januari 2023 ilitoa ushahidi wa hesabu hiyo. Andrea Riseborough aliteuliwa kuwa miongoni mwa waigizaji bora wa kike kwa filamu 'To Leslie', ambayo ilikuwa imepata takriban dola 27,000 pekee katika majumba ya sinema. Hakuwa ameteuliwa na chama cha waigizaji wala Golden Globe. Hata hivyo, katika siku za mwisho, waigizaji wenzake mashuhuri walimpigia debe kwa barua pepe na katika mitandao ya kijamii.

Viola Davis wa 'The Woman King' na Danielle Deadwyler wa 'Till', waliokuwa wakitajwa na wachambuzi wengi, waliachwa nje. Malalamiko yalizuka, Akademia ikachunguza mbinu zilizotumika, na Januari 31 ikaamua kwamba uteuzi wa Riseborough ungebaki. Ilibainika wazi kwamba mamia machache ya marafiki yana nguvu kuliko maelfu ya wasomaji wa magazeti.

Lupita mwenyewe aliuonja upande wa pili wa shilingi. Uigizaji wake wa nafsi mbili katika 'Us' ulimpa tuzo ya wahakiki wa New York mnamo 2019 na akateuliwa na chama cha waigizaji. Lakini filamu hiyo ilikuwa ya kutisha, aina ambayo kwa miaka mingi haikupendelewa sana na wapiga kura hao, na ilikuwa imeonyeshwa tangu Machi. Majina yalipotangazwa Januari 2020, lake halikuwemo.

Wakati mwingine wapiga kura huamua kukaidi hata maelekezo ya watayarishaji. Kate Winslet alifanyiwa kampeni kama mwigizaji msaidizi katika 'The Reader', na kwa nafasi hiyo akashinda Golden Globe Januari 2009. Wanachama wa Akademia wakamweka miongoni mwa waigizaji wakuu, na mwezi uliofuata akatwaa Oscar katika kitengo hicho.

Ipo pia mienendo ambayo utabiri huifichua badala ya kuisababisha. Mwaka wa 2015 na tena 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa walikuwa wazungu. Kutokana na shutuma zilizofuata, Akademia iliahidi kuongeza maradufu idadi ya wanawake na ya watu wa jamii za wachache ifikapo 2020, na ikawaalika wanachama wengi kutoka nje ya Marekani. Februari 2020, 'Parasite' ya Korea Kusini ikawa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kutangazwa filamu bora ya mwaka. Wapiga kura walipobadilika, utabiri pia ulilazimika kubadilika.

Gharama ya kutazamwa

Methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza haina mashiko Hollywood. Huko, hata chema hutembezwa. Mwanachama wa Akademia hupokea filamu nyingi kuliko muda alio nao. Kazi ya kampeni ni kuhakikisha kwamba filamu fulani imo miongoni mwa zile chache atakazotazama kabla ya kupiga kura.

Kwa ajili hiyo, kampuni za filamu hutumia mamilioni ya dola kwa matangazo, maonyesho maalumu na mikutano ya waigizaji na wapiga kura. Machi 1999, 'Shakespeare in Love' ilipoishinda 'Saving Private Ryan', wengi waliona kwamba kampeni ya kampuni ya Miramax ndiyo iliyopindua meza. Tangu wakati huo, ukubwa wa mfuko wa kampeni umekuwa miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mchambuzi huyachunguza.

Afrika ina mfano wake wa safari iliyopangwa vyema. 'Tsotsi' ya Afrika Kusini ilishinda tuzo ya watazamaji Toronto mnamo Septemba 2005 na ikasambazwa Marekani na Miramax. Machi 5, 2006, ilishinda Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni. Usiku huo huo, Rachel Weisz alituzwa kwa uigizaji wake katika 'The Constant Gardener', filamu iliyopigwa kwa sehemu kubwa humu Kenya na kuongozwa na Fernando Meirelles wa Brazil.

Kenya ilikuwepo ukumbini usiku huo, lakini kama mandhari tu.

Bendera ya Kenya

Hali hiyo ilijirudia mnamo 2018. 'Watu Wote', filamu fupi kuhusu Waislamu waliowakinga Wakristo basi liliposhambuliwa Mandera Desemba 2015, iliteuliwa kuwania Oscar. Wakenya waliigiza na Kiswahili kikasikika. Hata hivyo, ilikuwa kazi ya wanafunzi wa chuo cha filamu cha Hamburg, Ujerumani, chini ya mwongozaji Katja Benrath. Kabla ya hapo ilikuwa imeshinda Oscar ya wanafunzi mwaka wa 2017. Kwa mara nyingine, wingu lilitangulia mvua.

Mwaka huo huo wa 2018, 'Rafiki' ya Wanuri Kahiu ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Bodi ya kuainisha filamu iliipiga marufuku kwa kusawiri mapenzi ya wasichana wawili. Kanuni za Akademia huitaka filamu ya kimataifa iwe imeonyeshwa hadharani kwa siku saba, na ilibidi Mahakama Kuu iisimamishe marufuku hiyo kwa siku saba mnamo Septemba. Kamati ya Kenya hatimaye iliichagua 'Supa Modo' ya Likarion Wainaina, ambayo Februari ilikuwa imeonyeshwa Berlin.

Yawezekana wasomaji wakatofautiana kuhusu marufuku hiyo na kuhusu uamuzi wa kamati. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba nchi inayoamua filamu ya kuwasilisha mwishoni mwa Septemba, huku mawakili wakiwa bado mahakamani, huingia kinyang'anyironi wakati wapinzani wameshakamilisha nusu ya kampeni.

'Kati Kati', 'Subira', 'The Letter' na 'Nawi' nazo zilipeperusha bendera ya Kenya katika miaka tofauti. Kila moja ilikabiliana na mkondo ule ule. Kila nchi huwasilisha filamu moja, Desemba hubakishwa 15, kisha Januari tano. Filamu isiyo na msambazaji Marekani wala fedha za kuwafikia wapiga kura hukatwa kabla ya wengi wao kuiona.

Katika jambo moja, Kenya ina faida. Nigeria ilipowasilisha filamu yake ya kwanza, 'Lionheart', mnamo 2019, ilifungiwa nje kwa sababu sehemu kubwa ya mazungumzo yake ilikuwa ya Kiingereza. Kanuni hudai zaidi ya nusu ya mazungumzo yawe ya lugha nyingine. Kiswahili, Sheng' na lugha za mama, ambazo baadhi ya watayarishaji hudhani zinafunga milango, ndizo zinazofungua mlango huu.

Kwa hivyo, anayetaka kutabiri iwapo filamu ijayo ya Kenya itateuliwa hahitaji kuangalia mbali. Na aulize imeonyeshwa katika tamasha gani kabla ya Oktoba. Aulize ni nani aliyenunua haki za kuisambaza Marekani, iwapo kamati iliichagua mapema, na nani anagharimia safari za mwongozaji na waigizaji wake kwenda kukutana na wapiga kura.

Iwapo majibu ya maswali hayo hayapo, utabiri ni rahisi, na hauhitaji mchambuzi wa Hollywood. Iwapo yapo, huenda siku moja Mkenya akaketi Januari kusubiri majina akijua, kama wale wasioshtuka, kwamba la nchi yake limo.