Kabla ya kuhesabu alama za mtoto, tuhesabu siku alizofundishwa

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yanapotoka, mji wa Uvira hauhitaji redio. Kuanzia Kavimvira hadi Kalundu utaona vijana wamemwagiwa poda nyeupe kichwani, mama zao wanapiga vigelegele, pikipiki zinapiga honi. Ni furaha ya haki. Mzazi aliyelipa sekondari kwa kuuza ndagala au muhogo ana kila sababu ya kushangilia.

Siku chache baadaye, kwenye mlango wa shule fulani linatundikwa bango: «Asilimia 100». Wazazi wanalisoma, na mwaka unaofuata wanapeleka watoto wao huko. Hapo ndipo inafaa tujiulize: asilimia hiyo inatuambia nini juu ya shule?

Inatuambia ni wangapi walifaulu kati ya waliofanya mtihani. Haituambii ni wangapi walianza na hawakufika. Shule inayowaondoa wanafunzi dhaifu mwaka mmoja kabla ya mtihani itapata asilimia nzuri kuliko shule inayowabeba mpaka mwisho. Bango litaisifu ile ya kwanza, na ile ya pili itaitwa shule mbaya.

Tena haituambii mtoto alifundishwa siku ngapi. Sisi wa ukingo huu wa ziwa tunajua maana ya jambo hilo. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa nyumba. Ziwa Tanganyika nalo limepanda na kuingia katika mitaa ya chini. Mwaka wa shule wa 2024 ulianza na mgomo wa walimu katika shule nyingi za umma za Kivu Kusini, kwa sababu ya mishahara. Desemba 2025 vita ikaingia Uvira, na maelfu ya familia wakavuka mpaka kwenda Burundi, watoto wakiacha madaftari nyumbani.

Lakini karatasi ya Exetat ni moja kwa nchi nzima. Mtoto wa Makobola aliyepoteza majuma ya masomo anajibu maswali yale yale na mtoto wa Kinshasa ambaye hakukimbia hata siku moja. Akikosa 50%, ni yeye anayeitwa mjinga. Hakuna anayemuuliza waziri, mkaguzi wala prefe: mlimpa siku ngapi za kusoma?

Sisemi mtihani ufutwe, wala alama zipunguzwe kwa huruma. Mtihani huu upo tangu miaka ya 1960, na diploma yake ndiyo mlango wa chuo kikuu. Tukiilegeza, atakayeumia wa kwanza ni mtoto wa maskini asiye na cheti kingine cha kuonyesha. Ninachosema ni kwamba mtihani unampima mtoto peke yake, kumbe kazi ilikuwa ya watu wengi.

Na shule ikipimwa kwa asilimia tu, kila mtu atatafuta asilimia kwa njia yoyote. Wazazi wanajua ile michango inayoombwa karibu na mtihani, isiyo na risiti, ambayo huambiwa ni ya «kuwapokea vizuri wageni». Anayelipa analalamika kimya kimya, kwa sababu anaogopa mwanawe asiadhibiwe. Hivyo ndivyo bango linavyopatikana mahali pengine.

Majirani zetu wameanza kuliona tatizo hili. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora, kwa hoja kwamba watoto hawasomi katika mazingira yanayolingana. Ni hatua nzuri, lakini kwetu kunyamaza hakutoshi. Sisi tunahitaji kutangaza zaidi, si kutangaza kidogo.

Napendekeza kila shule ya Uvira na Fizi ibandike ukutani, mwisho wa kila muhula, hesabu tatu. Ya kwanza: wanafunzi walioandikishwa na waliobaki. Ya pili: siku zilizofundishwa kweli, si zile za kalenda. Ya tatu: walimu wanaolipwa na serikali, na wale wanaofundisha bila mshahara. Kamati ya wazazi ihakiki, mkaguzi atie sahihi. Kazi hii haihitaji kompyuta wala mfadhili. Inahitaji karatasi, kalamu na ukweli.

Hesabu hizo zikionyesha kwamba siku zimepotea, serikali ya jimbo iwe na wajibu wa kuzirudisha kabla ya mtihani, kwa masomo ya ziada au kwa kikao cha baadaye kwa waliokimbia.

Pia tusisubiri darasa la sita, wakati wa ENAFEP, ndipo tujue mtoto hawezi kusoma. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi katika nchi yetu hawawezi kusoma na kuelewa maandishi mepesi. Elimu ya msingi ya bure, iliyoanza kutekelezwa 2019, iliwafungulia wengi mlango, lakini kuingia darasani si kujifunza. Mwalimu amsikilize mtoto akisoma katika darasa la pili, na amsikilize kwa Kiswahili anachokielewa. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha za taifa zitumike kufundishia. Kifaransa kitajengwa vizuri juu ya msingi huo.

Mwaka huu poda ikimwagwa tena, tushangilie pamoja na vijana wetu. Kisha twende shuleni tukaulize zile hesabu tatu. Prefe asiyekuwa na la kuficha atafurahi kutuonyesha.