Ardhilhali ya Muuza Nyanya: Wajibu Wetu katika Sheria za Ushuru

Mkutano uliitishwa saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano. Ulikuwa mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu mswada wa ushuru, na ofisi iliyouitisha sitaitaja, kwa kuwa lililotokea pale hutokea katika kumbi nyingi za nchi hii. Afisa kijana, mwenye adabu na shati lililopigwa pasi, alisimama akatusomea mswada kwa Kiingereza, kifungu baada ya kifungu, kwa takriban nusu saa. Alipomaliza, akauliza kwa Kiswahili iwapo kulikuwa na mwenye swali. Mama mmoja wa makamo, muuza nyanya, alijifunga leso yake vizuri akainuka. “Mwanangu,” alisema, “umesoma vizuri, Mungu akubariki. Sasa niambie: kreti yangu moja ya nyanya italipa shilingi ngapi?” Watu wakacheka. Afisa akafunua karatasi, akafunua tena, kisha akajibu, “Hilo, mama, tutalifafanua baadaye.” Baadaye haikuja. Kilichokuja ni orodha ya mahudhurio, ikapitishwa safu kwa safu, nasi tukatia sahihi. Yule mama alitia kidole gumba. Kwa mujibu wa karatasi ile, alikuwa ameshirikishwa.

Mimi ni mtoto wa Voi, na swali la mama yule nimelibeba hadi chuoni. Nadai katika makala haya kwamba dhuluma ya sheria ya ushuru haianzii katika kiwango cha ushuru pekee. Huanza pale mlipaji anapoambiwa alipe kwa lugha asiyoielewa, kisha anapotaka kulalamika akakosa mtu wa kumwonyesha mlango wa kubisha. Mambo yote mawili yanatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili, pengine kuliko tunavyopenda kukiri.

Tuanze na sheria yenyewe. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika Kifungu cha 7 kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 120 kinakifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika utungaji wa sheria, na Kifungu cha 201 kinaagiza kwamba mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki na kwamba masuala ya fedha za umma yaendeshwe kwa uwazi. Ukivisoma vifungu hivi kwa pamoja, utaona kwamba kumshirikisha muuza nyanya kwa lugha ambayo haielewi ni kutimiza herufi za Katiba na kuiacha roho yake mlangoni.

Matokeo ya pengo hili tuliyaona mwaka 2024. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza, miongoni mwa mengine, mkate wa kawaida utozwe ushuru wa thamani ya ziada wa asilimia 16, na magari yatozwe asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Vijana wa Kenya hawakungoja kufafanuliwa. Waliutafsiri, wakaufafanua kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi, wakausambaza kwa simu hadi vijijini. Juni 18, siku yenyewe ambayo maandamano yalianza Nairobi, kamati ya fedha ya Bunge ilitangaza kuondolewa kwa baadhi ya mapendekezo, likiwamo lile la mkate. Juni 25 wabunge waliupitisha mswada uliosalia kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, damu ikamwagika. Siku iliyofuata, Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi. Historia ya siku zile itaandikwa na wengi. Mimi nitataja jambo moja tu: kazi ya kwanza iliyofanywa na vijana wale ilikuwa kazi ya tafsiri. Ilikuwa kazi yetu, na wengi walioifanya hawakuwa wanafunzi wa Kiswahili.

Huenda msomaji akasema kwamba tafsiri ya ushuru ni kazi ya wahasibu. La hasha. Chukua mfano wa dhana mbili ambazo hujirudia katika kila mswada wa fedha: bidhaa inayotozwa kwa kiwango cha sifuri, na bidhaa iliyosamehewa ushuru. Kwa sikio la mnunuzi, zote mbili zina maana kwamba hapana cha kulipa. Lakini sivyo. Mwoka mikate ambaye mkate wake unatozwa kwa kiwango cha sifuri anaweza kudai arudishiwe ushuru alioulipa kwa umeme na karatasi za kufungia. Mkate ukihamishwa kwenye orodha ya bidhaa zilizosamehewa, hawezi tena kudai. Ushuru ule unabaki mgongoni mwake, naye huutua mgongoni mwa mnunuzi. Hivyo mwanasiasa anaweza kusimama sokoni akatangaza kwamba bidhaa fulani “imesamehewa”, akapigiwa makofi na watu ambao kesho yake watainunua kwa bei ya juu zaidi. Neno “kusamehewa” limefanya kazi ya kuficha. Ni nani atakayeeleza tofauti hii kwa Kiswahili kinachoeleweka, ikiwa si sisi tunaokesha tukijadili semantiki?

Tuwatazame majirani zetu. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianzisha tozo kwa miamala ya fedha kwa simu. Mswada ulijadiliwa kwa Kiswahili, waziri aliutetea kwa Kiswahili, na wananchi waliupinga kwa Kiswahili. Neno “tozo” likawa katika kila kinywa, kuanzia mama lishe hadi mhadhiri. Mwaka huo huo serikali ilizipunguza tozo zile kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. Sisemi kwamba lugha peke yake ndiyo iliyozipunguza. Nasema kwamba pale mtawala na mtawaliwa wanapotumia neno moja kwa maana moja, ni vigumu mmoja kumpiga mwenzake chenga.

Tukirudi nyumbani, kuna pengo la pili, nalo ni la kutojua mlango. Katika Taita Taveta nimewasikia watu wakimlaumu diwani kwa bei ya mafuta na wakimlaumu mbunge kwa ada ya soko. Katiba imegawa kazi hizi. Kifungu cha 209 kinasema kwamba ushuru wa mapato, wa thamani ya ziada, wa forodha na wa bidhaa ni wa serikali ya kitaifa. Kaunti zina kodi za ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na ada za huduma zake. Mswada wa fedha wa kitaifa huamuliwa na Bunge la Kitaifa, wala hauendi kwa Seneti. Kwa hiyo kaunti yetu ina kura tano tu katika jambo hili: za wabunge wa Taveta, Wundanyi, Mwatate na Voi, pamoja na ya Mwakilishi wa Kike. Hao watano ndio wa kuandikiwa. Na wakati wa kuwaandikia unajulikana: mswada huwasilishwa kabla ya Aprili kwisha, na hupitishwa kabla ya Juni kwisha. Anayeanza kulalamika Julai amefika sokoni magenge yamefungwa.

Ada za kaunti nazo zina wenyewe, yaani madiwani. Ndizi zinazotoka Taveta kwenda Kongowea hupita Voi, Mackinnon Road na Mariakani; zimekanyaga ardhi ya kaunti nne kabla ya kuuzwa. Kifungu hicho hicho cha 209 kinazikataza kaunti kutoza kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka yake au usafirishaji wa bidhaa nchini. Ni wachuuzi wangapi wa ndizi wanaojua kwamba Katiba imezungumza juu ya mikungu yao?

Sasa tuufikie mlango wenyewe. Kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo katika mamlaka yake, pamoja na kutunga, kurekebisha au kufuta sheria. Sheria ya mwaka 2012 kuhusu utaratibu wa maombi hayo inaeleza kwamba ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kwa lugha ya heshima na staha. Lieleze jambo lenyewe. Liseme juhudi zilizokwisha kufanywa na iwapo kuna kesi mahakamani. Lihitimishwe kwa ombi lililo wazi. Litiwe sahihi au alama ya kidole gumba. Yaani kidole gumba cha yule mama, kilichotumika kuthibitisha ushiriki asioufanya, kingeweza pia kutumika kudai haki yake.

Kwa Kiswahili ombi hili huitwa ardhilhali. Neno limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kuwasilisha hali. Ni jina zuri, maana linatukumbusha kwamba mwombaji hapigi magoti. Anaweka hali yake mbele ya mwenye mamlaka ili aione. Tunafundishwa uandishi wa barua rasmi tangu shule ya msingi. Tunapewa alama kwa anwani, mtajo na kimalizio, kisha tunausahau ufundi huo mara tu mtihani unapokwisha.

Wazee wetu hawakuwa na mlango huu. Serikali ya kikoloni iliweka kodi ya vibanda mwaka 1901, na mtu wa milimani aliyekosa pesa hakuwa na hiari ila kuzitafuta kwa kibarua. Wataita waliounda Taita Hills Association mwishoni mwa miaka ya 1930, wakidai ardhi iliyochukuliwa na wenye mashamba makubwa, hawakuwa na mbunge wa kumwandikia. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944, tena kwa kuteuliwa. Mwaka 1940 chama chao kilipigwa marufuku. Sisi tuna wabunge tunaowachagua wenyewe, na hatuwaandikii hata mstari mmoja.

Najua pingamizi litakalotolewa. Itasemwa kwamba barua hazisomwi, kwamba wabunge hupiga kura kwa amri ya chama, na kwamba mwaka 2024 ni barabara iliyosikika, si karatasi. Pingamizi hili lina uzito, na makaburi ya vijana wale yananikataza kulidharau. Lakini barabara ilipaza sauti kwa sababu ukumbi ulikuwa kiziwi, na gharama yake ilikuwa roho za watu. Isitoshe, karatasi huacha ushahidi. Mahakama ya Juu, katika uamuzi wake wa Oktoba 2024 kuhusu Sheria ya Fedha ya 2023, iliona kwamba hakuna sharti la wazi la kisheria linalolilazimu Bunge kutoa sababu za kuyakataa maoni ya wananchi, ingawa ilisema kufanya hivyo ni desturi njema. Basi tuidai desturi hiyo kwa wale watano. Mbunge aliyepokea ardhilhali yenye sahihi mia tano kutoka sokoni Voi anaweza kuipuuza, lakini hawezi kurudi sokoni akasema hakujua.

Wasomaji wa Kusadikika wanamkumbuka Karama, aliyeshtakiwa kwa kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria. Shaaban Robert aliona kwamba watawala dhalimu huogopa zaidi raia anayeielewa sheria. Tunaichambua riwaya hiyo kila mwaka, tukihesabu tashbihi na istiara zake, ilhali alichofia Karama nusura kinatungoja nje ya dirisha la darasa.

Napendekeza chama chetu kifanye mambo matatu. Kila Mei kiandae muhtasari wa kurasa mbili wa mswada wa fedha kwa Kiswahili, na wenzetu wanaojua Kidawida na Kitaveta waufikishe kwa lugha hizo. Walimu wetu watuongoze kukubaliana istilahi chache za ushuru, ili “kusamehewa” kusitumike tena kuwahadaa watu. Na kila mwanafunzi anayekwenda likizo akae siku moja sokoni kwao, awaandikie wachuuzi ardhilhali yao, awasomee, kisha waitie sahihi wakijua wanachokitilia sahihi.

Mama yule angali anauza nyanya. Bado hajajibiwa kreti yake italipa shilingi ngapi.